Jinsi ya Kukamua Glavu

Mkiingia siku moja katika chumba chetu cha tiba mkakuta glavu imejazwa maji, imefungwa kwa uzi, inaning'inia ukingoni mwa meza, na mama mzima ameketi kwenye kigoda anaikamua, msimwite mlinzi. Vuteni viti mtazame. Hiyo ni tiba. Nina hakika kwa sababu mimi ndiye niliyeitundika, na mlinzi aliitwa kweli.

Nimestaafu juzijuzi, mapema kidogo kuliko nilivyotakiwa, baada ya mgongo wangu kuamua kwamba umeinua wagonjwa wa kutosha. Ndiyo, mgongo wangu mimi, niliyewafundisha wauguzi namna ya kuinua mtu bila kuumiza mgongo. Chekeni, halafu kunjeni magoti mnapoinua.

Siku ya kuniaga, mmoja wenu, wanafunzi wangu, yule anayevaa viatu vyeupe katika mji wenye udongo mwekundu, aliniuliza, "Mwalimu, hii kuchambua shughuli ni nini hasa? Si ni kuandika tu hatua moja baada ya nyingine?" Keki ilikuwa inakatwa na wakubwa walikuwa wanataka kuhutubu, nikamwambia nitamjibu baadaye. Hili ndilo jibu. Ni refu kuliko hotuba zote za siku ile, lakini angalau lina ng'ombe.

Kazi yetu inaitwa tiba ya kazi, na jina hilo limenisumbua maisha yangu yote. Majirani zangu hapa mtaa wa Majimbo, Embu, wamewahi kuniletea vyeti vya watoto wao waliomaliza chuo, wakiniomba niwatafutie nafasi. Niliwaeleza kwamba mimi humsaidia mtu aliyeugua au kuumia arudi kufanya mambo yake ya kila siku: kuvaa, kupika, kulima, kusuka nywele za binti yake. Walisikiliza kwa adabu sana. Kisha wakauliza, "Sasa cheti niache ama nirudi nacho?"

Kuchambua shughuli ni kuchukua jambo ambalo mtu hulifanya bila kulifikiria, na kulifikiria kwa niaba yake. Kufunga kifungo, kwa mfano. Vidole gani vinabana, macho yanatazama wapi, bega linatulia vipi, akili inakumbuka nini, kifungo chenyewe ni kikubwa au kidogo, na mbona mtu huyu anataka kukifunga mwenyewe wakati mkewe amesimama hapo tayari kumsaidia. Chuoni tulifundishwa hayo yote isipokuwa hilo la mwisho, au labda lilifundishwa siku niliyokuwa nimelala. Tulichambua kutengeneza chai. Chai ya kitabuni: birika la umeme, kikombe kimoja, mfuko mmoja wa majani, maziwa kidogo pembeni. Nilipata alama nzuri sana katika chai hiyo, ingawa nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuinywa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Meru. Nilifika na koti jipya na hamu kubwa ya kumtengenezesha mtu chai. Akaletwa Mzee M'Ikiara, mkulima wa kule juu kwenye miteremko, aliyekuwa amepata kiharusi chepesi na akapona vizuri kiasi. Tulikuwa na jiko dogo la mazoezi. Nikamsimamisha mbele yake, nikamwambia, "Mzee, leo nataka unitengenezee chai."

Mzee alilitazama lile jiko kama mtu anavyotazama gari la jirani: zuri, lakini halimhusu. Akalitazama tena, asije akanivunjia heshima. Kisha akageuka mlangoni alikokuwa amesimama mkewe, akasema, "Mama Mwenda, daktari anataka chai."

Mama Mwenda akaingia, akaweka sufuria, maziwa, majani, akachemsha mpaka ikapanda, akanimiminia. Nikainywa nikiwa nimesimama. Halafu nikaandika kwamba mgonjwa ameshindwa kutengeneza chai.

Mkuu wangu alikuwa Madam Kagendo, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, na sauti ambayo haikupanda hata siku moja, jambo lililotutisha zaidi. Alisoma nilichoandika, akaniita.

"Uliomba nini?"

"Chai, madam."

"Ukapata?"

"Nikapata."

"Ilikuwa na sukari?"

"Ndiyo, madam."

"Basi huyo mzee ameshindwa na nini?"

Akanipa swali lingine, ambalo nililitembeza mfukoni miaka yote iliyofuata. Akasema, "Usimuulize mtu anaweza kufanya nini. Muulize, kabla hujaugua, asubuhi ulikuwa unaenda wapi, na ukichelewa nani alikuwa anakungoja?"

Nilimrudia Mzee M'Ikiara nikamuuliza hivyo hivyo. Uso wake ukabadilika kama taa imewashwa. Asubuhi alikuwa anaenda kukata nepia, yale majani marefu ya mifugo, na waliokuwa wanamngoja ni mbuzi, na mbuzi, aliniambia, hawana subira hata ya dakika. Tukaachana na jiko. Tukatafuta panga butu na fungu la majani nyuma ya jengo la wodi, na huko nyuma mzee akaonyesha usawa wa mwili na nguvu za mkono ambazo jiko lisingeziona mpaka kiama. Mama Mwenda alikuja kumtazama. Akasema, "Sasa huyo ndiye mume wangu. Yule wa chai nilikuwa simjui."

Mwingine aliyenifundisha pale Meru ni Bwana Yusufu, aliyekuwa na magari ya kubeba miraa kutoka mji wa Maua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeumia mishipa, haushiki. Mimi nikawa namfundisha kula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto, na alishika kijiko vizuri sana, ila chakula hakikwenda mdomoni. Kila mara alikuwa ameshiba. Nikaandika kwamba hana hamu ya kula, kumbe hamu anayo tele. Kilichokosekana ni daktari aliyejua kwamba Mwislamu huyu afadhali alale njaa kuliko kula kwa mkono wa kushoto. Nikashona mkanda wa ngozi, nikautia kwenye kiganja cha kulia, nikachomeka kijiko ndani yake. Alikula mpaka wauguzi wakaja kutazama. Idi ilipofika alituletea pilau ya kutosha wodi nzima, akasimama karibu nami kuhakikisha natumia mkono unaofaa.

Nawaambia haya ili mjue kwamba nilipohamishiwa Embu, miaka mingi baadaye, nilidhani nimeshakomaa. Nilijua shughuli si mikono tu. Nilijua mtu ana mahali pake, desturi zake, na wanaomngoja. Nilikuwa nikiwahutubia wanafunzi hayo yote, kidole juu. Ndipo akaletwa Mama Ireri.

Alikuwa mjane wa makamo ya juu, kutoka Karurumo, mwenye mabega ya mtu aliyelima maisha yake yote. Presha ilikuwa imempanda, kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulikuwa umerudi, anatembea kwa fimbo. Mkono ulikuwa mzito. Na alikuwa haongei. Si kwamba hawezi kabisa. Mtaalamu wa matamshi alikuwa amempima akasema maneno yapo, yanatoka polepole na kwa kuburuta, na dawa yake ni kuyatumia. Lakini aliletwa na mwanawe Ireri, kijana mpole anayefanya kazi ya ofisi hapa mjini, ambaye alimpenda mama yake kupita kiasi. Mama akianza sentensi, Ireri alikuwa ameshaimaliza. Naona mama aliamua kwamba kama sentensi zake zimepata mwenyewe mwingine, basi azichukue zote. Alifunga mdomo. Alichobakiza ni kusonya, na alisonya kwa namna nyingi kuliko maneno yaliyomo katika baadhi ya ripoti zetu.

Nikamkalisha, nikatoa swali la Madam Kagendo. "Mama, kabla ya kuugua, asubuhi ulikuwa unaenda wapi?"

"Anapenda tu kupumzika," akasema Ireri.

Mama akasonya.

"Nimemuuliza mama," nikasema.

Mama Ireri akanitazama kwa muda, kama anapima kama nastahili. Kisha akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akakunja vidole kimoja baada ya kingine kuanzia juu, akateremsha ngumi hewani. Akarudia.

Nikafurahi sana. Nikafungua droo nikampa mpira wa kubanabana kiganjani.

Aliutazama ule mpira, akaurudisha kwenye droo mwenyewe, akaifunga. Akarudia ile ishara, safari hii polepole, kama mtu anavyosema na kiziwi.

Ireri akacheka. "Ah! Ni ng'ombe hiyo. Mama, wachana na hiyo maneno, nilikuambia Kanini tunauza. Daktari, ni ng'ombe iko huko nyumbani. Yeye hawezi kukamua tena, jirani anasaidia lakini na yeye amechoka, na mimi niko huku kazini. Kuna mtu wa Runyenjes ameshaiona. Nataka mama akuje tuishi na yeye hapa mjini, akae kwa sofa, aone televisheni."

Hajamaliza kusema "televisheni" nilipohisi koti langu linanikaba. Mama Ireri alikuwa amelishika kifuani kwa mkono wa kushoto na kulivuta. Machoni mwake hapakuwa na sofa wala televisheni.

Kwa hiyo nilijua asubuhi alikuwa anaenda wapi, na nani alikuwa anamngoja.

Nikamwambia Ireri, "Na akiweza kukamua?"

Ireri akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, kumbukeni hilo mtakapokutana na akina Ireri wenu. Alikuwa anaogopa mama asije akaanguka zizini akiwa peke yake. "Akiweza mwenyewe," akasema, "si mimi wa kumnyang'anya. Lakini akishindwa, mama, utakubali tuuze?"

Mama akaliachilia koti langu. Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu. Mnunuzi akaombwa asubiri kidogo.

Basi ikabidi nichambue kukamua, na hapo kulikuwa na tatizo dogo: mimi mtoto wa mwalimu, nimekulia karibu na mji, na utotoni nilijua maziwa yanatoka kwa mtu wa baiskeli. Nikaenda kwa shemeji yangu anayefuga. Alinipa kigoda na ng'ombe mtulivu kuliko wote. Nikashika chuchu, nikavuta.

"Unafanya nini?" akauliza shemeji.

"Nakamua."

"Hapana. Hiyo ni kupiga kengele ya kanisa."

Kumbe hakuvutwi, kunabanwa. Kidole gumba na cha shahada vinafunga juu ili maziwa yasirudi kwenye kiwele, halafu vidole vingine vinashuka kimojakimoja, na maziwa yanasukumwa chini. Mama Ireri alikuwa amenionyesha yote hayo hewani, nami nikampa mpira. Nikatazama na mengine. Mtu huketi chini sana, magoti wazi, ndoo imebanwa katikati. Mwili umeinama mbele lakini nyayo zimeshika ardhi, maana akishtuliwa lazima aruke. Paji la uso linaegemea ubavuni mwa ng'ombe, na hapo mkamuaji huhisi ng'ombe anapojiandaa kupiga teke kabla hajalipiga. Sikio linasikiliza, kwa sababu maziwa yana sauti moja ndoo ikiwa tupu na sauti nyingine inapojaa. Nilijaza karatasi nikiwa nimechafuka mpaka magotini, mwenye furaha isiyo na kifani.

Hospitalini hatukuwa na ng'ombe. Tulikuwa na glavu. Nikajaza moja maji, nikaitoboa ncha za vidole kwa sindano, nikaitundika. Mama Ireri alipoiona alisonya sonyo refu la kushangaa, akaizunguka, akaigusa kiwele chake, akaketi.

Hapa chukueni ujuzi wa bure. Msimpe mgonjwa shughuli yote siku ya kwanza. Mpeni mwisho wake. Mimi nilitundika, nikapanga ndoo, nikamshika mgongo, nikakamua karibu kila kitu, yeye akamalizia matone ya mwisho na kuinuka na ndoo mkononi. Ni rahisi kudhani mtu anapenda kuanzia mwanzo. Hapana. Mtu anapenda kuinuka na ndoo. Siku zilizofuata nikawa narudi nyuma kidogokidogo, namwachia zaidi, mpaka nikabaki nimesimama tu kama mwenye nyumba asiye na kazi. Matundu ya glavu nikayapunguza ukubwa ili abane zaidi. Kigoda kilikuwa kifupi mno kwa mguu wake, fundi wa hospitali akatutengenezea kingine kirefu kidogo, chenye miguu iliyotanuka kisipinduke. Ndoo kubwa tukaiacha, tukachukua nyepesi. Mkono wa kushoto ukafanya kazi ya kukamua, na wa kulia nikaupa kazi ya kushika mdomo wa ndoo, maana mkono usiopewa kazi husahau kwamba umeajiriwa. Kazi hiyo uliifanya. Nyingine zote ulikataa. Niliuomba mara nyingi uinuke uguse ukuta. Ulifika usawa wa kiuno, ukarudi nyumbani.

Ndipo mfanya usafi mgeni alipochungulia, akaona, akamwita mlinzi. Mlinzi alipofika alicheka mpaka akaketi. Na siku nyingine msimamizi wa hospitali aliingia na wageni waliokuja kukagua vifaa.

"Daktari," akasema kwa sauti ya mtu anayetarajia maelezo mazuri, "hiki ni nini?"

"Kiwele, bwana."

Mgeni mmoja akainama, akakitazama kwa makini, akauliza, "Kinatoa lita ngapi?"

Mama Ireri aliendelea kukamua bila kugeuka. Lakini niliona mabega yake yakitikisika. Huyu mama anacheka, nikajisemea, na bado hasemi.

Ilipofika wakati anaikausha glavu kabla sijamaliza kunywa chai yangu, nikamwambia Ireri tuko tayari. Jumamosi asubuhi tukaenda Karurumo, mama ameketi mbele na kigoda chake kipya mapajani. Mnunuzi wa Runyenjes naye alikuwa ameambiwa aje siku hiyo na pikapu, ili jambo liishe, huku au kule.

Zizi lilikuwa nyuma ya shamba la kahawa, la mbao, limetunzwa. Kanini maana yake ni mdogo, jina alilopewa ng'ombe huyo siku aliyozaliwa, na ambalo alilikanusha kwa kula. Alikuwa mkubwa kama kabati la nguo. Jirani, Bwana Njeru, mzee mwembamba aliyekuwa akimkamua tangu mama augue, alitupokea kwa malalamiko.

"Daktari, hii ng'ombe inanidharau. Inanipatia kikombe moja, kama mgeni. Nimeipea unga, nimeipea nepia, nimeipea hata chumvi ya nyumba yangu. Kikombe moja!"

Mama Ireri akaingia zizini kwa fimbo yake. Kanini akageuza kichwa, akamnusa begani, akapuliza. Nikaweka kigoda. Mama akaketi vizuri kabisa, nyayo chini, paji la uso ubavuni, mkono wa kulia kwenye ndoo. Wa kushoto ukashika chuchu, ukafunga juu, ukashuka. Ilikuwa kazi safi kuliko ile ya kitabu.

Hakikutoka kitu.

Akarudia. Matone mawili matatu, kisha hakuna. Kanini akahamahama miguu. Mama akabadilisha chuchu. Hakuna. Ng'ombe alikuwa amebana maziwa yote huko juu, na mtu akibaniwa hivyo hata angekuwa na mikono minne ni bure. Mkia ukapita ukanichapa usoni. Mguu wa nyuma ukasukuma ndoo, ikabingirika mpaka miguuni mwa Njeru.

"Si nilisema," akasema Njeru, kwa huzuni ya mtu anayefurahi kidogo kwamba si yeye peke yake.

Ireri akainama nyuma ya mama yake. "Mama," akasema taratibu, "basi. Umejaribu."

Mama Ireri hakugeuka. Paji la uso lilikuwa bado ubavuni mwa ng'ombe, na mkono wa kushoto umeshuka mapajani. Kutoka barabarani tukasikia gari linapunguza mwendo. Halikuwa pikapu, lakini sote wanne tulikuwa tumegeuza vichwa, ukiongeza Kanini watano.

Mimi nilikuwa napekua kichwani. Mkao upo. Vidole vipo. Ndoo, kigoda, macho, sikio. Nimeacha nini? Nikamgeukia Njeru, ambaye nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza.

"Mzee, mama huyu alipokuwa mzima, alikuwa akikamuaje? Niambie kila kitu."

"Kukamua ni kukamua tu," akasema Njeru. "Ila hapakuwa na hii kimya. Leo ni kama tuko kwa matanga. Huyu mama alikuwa na mdomo! Sisi hatukuwa tunahitaji saa. Ukisikia Mama Ireri anaambia ng'ombe vile mkutano wa kanisa ulienda, unajua kumekucha. Mimi habari zote za hii Karurumo nilikuwa nazipata nikiwa kwangu, nikikunywa chai."

Nilichambua mikono, mgongo, magoti, nyayo, paji la uso na sikio. Nilichora hata mkia. Sikuchambua mdomo. Nilimpa Kanini mkamuaji kamili wa kitabuni, bubu, naye akamtazama kama Mzee M'Ikiara alivyolitazama jiko.

Lakini kujua ni jambo moja. Mama huyu alikuwa ameacha kusema mbele ya watu kwa miezi, na mimi ni nani wa kumwambia aanze sasa, zizini, mbele ya daktari na jirani? Nikafanya jambo dogo tu. Nikamwambia Ireri, "Nenda langoni umngoje yule bwana." Akataka kukataa. Nikamtazama, akaenda. Nikamwambia Njeru tugeuke tutazame kahawa. Na bila kumtazama mama nikasema, "Mama, ng'ombe amekaa muda mrefu bila habari."

Tukatazama kahawa. Njeru alianza kusema kitu nikamkanyaga kiatu.

Nyuma yetu ikatoka sauti, nzito, ya kuburuta, kama mlango uliofungwa msimu mzima wa mvua. "Ka... Kani..." Ikasimama. Hakuna aliyeimalizia. Ikaanza upya. "Kanini."

Niliibia kugeuka. Sikio la ng'ombe lilikuwa limegeukia nyuma, lote.

Mama akaendelea, kwa Kiembu, neno likikwama analiacha anachukua lingine, anasonya, anarudi. Mimi Kiembu changu ni cha sokoni, lakini nilisikia "hospitali", nikasikia "daktari", na baadaye kidogo nikasikia "glavu", waziwazi. Njeru akaanza kutetemeka kwa kicheko.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

"Anaiambia vile ulikuwa unamkamulisha soksi."

Ndipo ikasikika ile sauti: maziwa kwenye ndoo tupu, ting, ting, halafu nzito, halafu ile ya povu. Mama Ireri akasema kwa kasi zaidi, kana kwamba kimoja kinavuta kingine. Alieleza habari za wodi, za wauguzi, za mgeni aliyeuliza lita. Njeru alikuwa anatafsiri na kupangusa machozi, na nadhani aliongeza chumvi yake.

Ireri alirudi mbio kutoka langoni. Alisimama mlangoni mwa zizi, mkono juu ya nguzo, anamsikiliza mama yake. Mama alikuwa katikati ya sentensi; ikakwama. Tukaona midomo ya Ireri inafunguka kuimalizia.

"Nyamaza, Ireri," akasema mama, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie. "Sijamaliza na Kanini."

Ireri akafunga mdomo. Akatoka nje, akapiga simu. "Bwana, samahani sana, rudi tu. Mama amekataa... Ndiyo... Ndiyo, amekataa mwenyewe. Kwa mdomo wake." Akarudia hilo la mwisho, ingawa sidhani kama yule bwana aliuliza mara ya pili.

Ndoo haikujaa hadi juu, lakini ilitosha chai ya watu na kubaki. Mama akainuka nayo, akamkabidhi Njeru. Nilikuwa najiandaa kukusanya vitu vyangu kwa heshima niliyobakiza, akakielekeza kidole kile kigoda.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa, Njeru akanisogezea ndoo tupu. Nikashika chuchu kama shemeji alivyonionyesha. Kanini akabana.

"Ongea," akasema Mama Ireri.

Vijana, nina shahada. Nimesimama mbele ya madaktari wakubwa nikahutubu bila karatasi. Lakini sijawahi kukosa maneno kama asubuhi ile, na ubavu mkubwa mweusi mbele ya pua yangu. Nikafikiri, nikasema kile ninachokijua. Nikaanza kumweleza Kanini misingi ya kuchambua shughuli: kwamba kwanza tunamtazama mtu, kisha mahali, kisha...

Kanini akanyanyua mguu, akautia ndani ya ndoo, akaupumzisha humo.

Njeru alipiga kelele ya furaha. Na Mama Ireri akacheka. Hakucheka mabegani kama siku ya glavu. Alicheka kwa sauti, akapinda, akayumba, fimbo ikamdondoka. Ireri akaruka kutoka mlangoni kumdaka, nami nikaruka nikapiga goti kwenye kinyesi, lakini wote wawili tulichelewa. Alikuwa ameshajishika mwenyewe kwenye nguzo ya zizi, juu, usawa wa kichwa, bado anacheka, na mkono ulioishika nguzo ile ulikuwa wa kulia.